MANENO YA BUSTANI NA HUKUMU ZETU



Akina mama kadhaa wa mtaa wetu, wenye vibustani vya mboga nyuma ya nyumba zao, wametuomba tueleze katika gazeti hili maneno ambayo bwana shamba huyatumia anapopita kuwatembelea. Humwitikia kwa adabu, lakini akishaondoka huulizana: gugu ni nini hasa? Kwa nini tung'oe miche ambayo tuliisia wenyewe? Kupogoa kuna tofauti gani na kukata? Mboji ni samadi, au ni kitu kingine? Ombi hilo tumelipokea kwa furaha. Sisi tuliopita chuo cha ualimu baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, tulifundishwa kushika chaki na kushika jembe, na shamba la shule lilikuwa darasa kama madarasa mengine.

Lakini tulipoketi kuyaandika maneno hayo tuliona kwamba hayakai bustanini. Huruka ua yakaingia nyumbani, shuleni na barazani. Tumemsikia mwalimu akisema kwamba darasa lake limejaa magugu. Tumemsikia mzazi akisema mbele ya wageni kwamba mwanawe ni mti usiozaa. Tumewasikia watu wakisema juu ya familia iliyohamia kijijini kwamba ni gugu lililoletwa na upepo. Kwa hiyo tumeona yafaa kufanya kazi mbili kwa pamoja: kuyaeleza maneno yenyewe kwa faida ya wenye bustani, na kuuliza kama ni haki kumpima binadamu kwa maneno hayo.

GUGU NI NINI?

Gugu ni mmea ulioota mahali ambapo mkulima hakuutaka. Maana hiyo ni fupi, lakini itazameni vizuri. Haisemi kwamba gugu ni mmea mbaya, wala mmea wenye sumu, wala mmea usio na faida. Inataja mambo matatu tu: mmea, mahali, na kusudi la mkulima. Porini hakuna gugu. Kuna mimea tu. Gugu huanza kuwapo siku ile mtu aliposhika jembe akasema, "Hapa nataka karoti."

Chukueni mfano wa mahindi. Punje iliyoanguka wakati wa kuvuna, ikaota msimu uliofuata katikati ya tuta la karoti, hung'olewa kama gugu, ingawa hatua kumi kutoka hapo mahindi mengine yanapaliliwa na kutiwa samadi. Chukueni na mchicha. Huku kwetu huota wenyewe baada ya mvua za kwanza, na mama huuchuma akamshukuru Mungu kwa mboga ambayo hakuipanda. Huko Marekani aina mojawapo ya mchicha inaogopwa sana na wakulima wa pamba na soya. Imekwisha kuzoea dawa za kuua magugu, hata baadhi ya dawa hizo haziidhuru tena. Mnavu, mgagani na mchunga ni vivyo hivyo: katika shamba hili hung'olewa na kutupwa, katika shamba la jirani hutafutwa kwa ajili ya chungu cha jioni. Hata kishonanguo, ambacho mbegu zake hutung'ang'ania nguoni, ni adui kwa mwenye maharage, lakini majani yake machanga huliwa kama mboga mahali pengi Afrika.

Wala ugeni haufanyi mmea kuwa gugu. Mahindi, mihogo, nyanya, mapapai na maharage tunayoyala kila siku asili yake ni Amerika. Sisi wa mkoa wa Tanga tuna mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliletewa kutoka Florida miche elfu moja ya mkonge, mmea ambao asili yake ni Meksiko. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyobaki hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakaja mashamba ya mkonge yaliyolipa jina la Tanga sifa duniani. Kwa upande mwingine liko gugu maji. Nalo asili yake ni Amerika, ile ya Kusini, na watu walilichukua nchi kwa nchi kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Viktoria, likafunika ghuba na mialo, mitumbwi ikashindwa kupita. Mgeni mmoja alikuja akawa mali, mgeni mwingine akaja akawa msiba. Ugeni wao peke yake haukutuambia lolote. Na wahenga waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema apewe jembe. Hawakusema ang'olewe kwa jembe.

Basi neno gugu linatupa habari za mkulima zaidi kuliko habari za mmea. Asemaye "hili ni gugu" anasema kwa maneno mengine, "Mimi hapa nilitaka kitu kingine." Bustanini ana haki kabisa ya kusema hivyo. Bustani ni kazi ya kuchagua, na asiyepalilia hali. Palizi, yaani kazi ya kuondoa magugu, haina budi kufanywa mapema, hasa kwa karoti na vitunguu, ambavyo vikiwa vichanga haviwezi kabisa kushindana. Majuma ya kwanza ndiyo yanayoamua mavuno. Hatumlaumu mtu kwa kupalilia. Tunataka tu akumbuke kwamba jina hilo amelitoa yeye.

JE, HAKUNA GUGU BAYA KWELIKWELI?

Msomaji makini atatupinga hapa. Atasema: "Mbona mnageuza kila kitu kuwa suala la kupenda kwa mkulima? Liko gugu linalodhuru kweli. Je, kiduha?"

Tunakubali. Kiduha ni mmea mdogo wenye ua zuri la rangi ya waridi au zambarau, na mtu asiyekijua angeweza kukichuma kupamba meza. Lakini chini ya udongo mizizi yake imejishika katika mizizi ya mahindi, mtama au ulezi, nayo inanyonya. Mahindi hudumaa na kunyauka hata kama mvua ipo. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingojea nafaka ipandwe. Mbele ya mmea kama huo si kweli kusema kwamba ubaya ni maneno tu. Dhara lipo, na watoto wa mkulima hulala njaa kwa sababu yake.

Lakini ulizeni zaidi: kiduha hustawi wapi? Hustawi zaidi penye udongo uliochoka, palipolimwa nafaka ileile mwaka baada ya mwaka bila kurudishiwa kitu. Hapa hatuna budi kueleza maneno mengine matatu. Rutuba ni ile nguvu ya udongo inayolisha mimea. Mzunguko wa mazao ni kubadilisha zao la mahali pamoja msimu kwa msimu, kwa mfano mahindi mwaka huu, na mwakani maharage au kunde, ili udongo usinyonywe upande mmoja tu. Mseto ni kupanda mazao mawili au zaidi pamoja, kama mahindi na mikunde, ili moja lisaidie jingine. Anayetaka kushinda kiduha huking'oa kabla hakijatoa mbegu, naam, lakini papo hapo hutia samadi, hubadilisha zao, huchanganya na mikunde. Anayeng'oa tu, bila kuuangalia udongo, atang'oa mpaka uzeeni, kisha atawarithisha wanawe kazi hiyo.

Hapa tumepata neno la kwanza linalofaa kuvuka ua wa bustani. Ukiona dhara, uliza habari za udongo. Kila mwalimu aliyefundisha vijijini anamjua mtoto anayesinzia darasani. Ni rahisi kumwita mvivu. Ukifuata nyayo zake jioni utaona kwamba anatembea saa moja na nusu kuja shule, kwamba alikwisha kuchota maji kabla ya jogoo wa pili, na kwamba mlo wake wa kwanza ni ule wa jioni. Kusinzia kwake ni dhara la kweli, maana hajifunzi. Lakini fimbo peke yake kwa mtoto yule ni sawa na kung'oa kiduha na kuuacha udongo ulivyo.

KUPUNGUZA MICHE

Sasa tuje kwenye neno linalowasumbua akina mama kuliko yote. Mbegu nyingi za mboga, kama kabichi na nyanya, husiwa kwanza kitaluni, yaani kwenye kituta kidogo chenye udongo laini na kivuli, kisha miche huhamishiwa bustanini. Karoti haifanyiwi hivyo, kwa maana mzizi wake ukisumbuliwa huota panda. Husiwa moja kwa moja tutani, na kwa kuwa mbegu zake ni ndogo mno, huota zikiwa zimesongamana. Hapo ndipo hupunguzwa: miche mingine hung'olewa ili inayobaki ipate nafasi, sentimita tano au zaidi kati ya mche na mche. Usipopunguza utavuna karoti nyembamba kama mikia ya panya. Miche ya mchicha iliyopunguzwa huingia chunguni. Ile ya karoti huwaendea sungura.

Mama mmoja alituuliza, "Ule uliong'olewa una kosa gani?" Swali hilo ni zuri kuliko alivyodhani. Jibu ni kwamba hauna kosa lolote. Ulitoka katika pakiti ileile, ukasiwa siku ileile, ukanyweshwa maji yaleyale. Haukung'olewa kwa ubaya wake. Uling'olewa kwa sababu tulimwaga mbegu nyingi mahali padogo. Sababu imo katika mkono wa aliyesia na katika upana wa tuta. Hili ni jambo tofauti kabisa na palizi, ingawa kwa macho kazi zote mbili zinafanana: mkono unashuka, mmea unatoka.

Tunaomba wazazi na walimu wenzetu watuvumilie tukilisema wazi tunalolifikiria. Kwa miaka mingi nchini mwetu watoto walimaliza darasa la saba kwa maelfu, na wachache sana katika kila mia walipata nafasi katika sekondari za serikali, kwa kuwa shule zenyewe zilikuwa chache. Majina yalibandikwa ukutani. Wazazi walikuja, wakapitisha kidole juu ya orodha, wakarudi nyumbani. Waliochaguliwa waliitwa waliofaulu, na wengine wote waliitwa waliofeli. Kisha mwaka 2004 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na wananchi wakajenga shule za kata nchi nzima. Nafasi ziliongezeka sana kwa miaka michache. Watoto wa vijiji vilevile, wa nyumba zilezile, ambao kaka na dada zao walikuwa wameitwa waliofeli, sasa wakaitwa waliofaulu. Ni nini kilichobadilika? Je, akili za watoto zilizidi ghafla? La hasha. Tuta lilipanuliwa.

Hatuwalaumu waliochagua zamani zile. Nafasi mia moja haziwezi kukaliwa na watoto elfu, na asiyetaka kuchagua huishia kuwanyima wote. Kosa lilikuwa katika jina. Kusema "nafasi hazikutosha" kulikuwa kweli. Kusema "wewe umeshindwa, huna akili" kulikuwa uongo, na wako watu wazima leo, wenye wajukuu, ambao bado wameubeba uongo ule na hawathubutu kusimama mkutanoni kusema neno.

Tunamkumbuka kijana mmoja, hodari wa hesabu za kichwa, ambaye jina lake halikuonekana ukutani. Mtu mzima mmoja aliyekuwa pale alimwambia baba yake mbele ya watu kwamba sasa aache kulimwagilia gugu. Baba hakujibu. Alimshika mwanawe mkono wakaondoka. Wasomaji watapenda tuseme kwamba kijana yule baadaye akawa daktari au tajiri, na mtu yule mzima akaja kumwomba msaada. Hakuwa daktari, wala tajiri. Analima, ana mke na watoto, ana ng'ombe wawili, hulipa madeni yake. Nasi twasema kwamba neno lile lilikuwa uongo siku ileile liliposemwa, nalo lingekuwa uongo hata kama asingekuwa na ng'ombe hata mmoja. Maana tukingoja mtu atajirike ndipo tukiri kwamba hakuwa gugu, tumekubali kipimo kilekile cha aliyemtukana: bado tunampima kwa chungu chetu.

KUZOESHA NA KUPOGOA

Si maneno yote ya bustani yanayodhuru yakivuka ua. Yako yanayofaa sana katika malezi.

Kuizoesha miche ni kuitayarisha kwa maisha ya nje ya kitalu. Juma moja hivi kabla ya kuihamisha, mkulima hupunguza kivuli kidogo kidogo, na maji vilevile. Kisha huihamisha jioni, jua likiwa limepoa, akiishika kwa bonge la udongo wake. Mche uliotolewa kivulini moja kwa moja ukawekwa kwenye jua la saa sita huungua. Lakini usioondolewa kivulini kamwe hurefuka na kuwa dhaifu, hata upepo wa kwanza huulaza. Wazazi wanaowafanyia watoto wao kila kitu mpaka umri wa kuoa, na wale wanaomtuma mtoto wa miaka kumi na miwili mjini kuwa mtumishi wa nyumba ya watu, wote wawili wamekosa hatua hii moja. Kitalu ni kwa ajili ya bustani, na mtunza kitalu mwema hufanya kazi ili siku moja asihitajiwe.

Kupogoa ni kuondoa sehemu ya mmea ili mmea uleule ustawi. Katika nyanya zile zirefukazo, machipukizi yanayotokea kwenye kwapa la jani huondolewa yangali madogo, kwa vidole tu, ili nguvu ya mmea iende kwenye matunda. Katika miti ya matunda tunaondoa matawi makavu, yenye ugonjwa, na yanayosuguana, kwa kisu safi na kikali, maana jeraha la kisu butu haliponi upesi. Tofauti na kukata ni hii: apogoaye anautakia mti uliopogolewa mema, huondoa kidogo kwa wakati wake, na kesho hurudi kuutazama. Wenye kutoa adhabu, nyumbani au shuleni, wajipime kwa mambo hayo matatu. Adhabu iliyotolewa ili hasira yetu ishuke, au iliyotolewa na mtu ambaye kesho hataki hata kumwona aliyeadhibiwa, haistahili kuitwa kupogoa.

MBOJI, SAMADI NA MATANDAZO

Tusisahau maswali tuliyoulizwa. Samadi ni kinyesi cha mifugo kilichooza vizuri. Kikitiwa kibichi huunguza mizizi. Mboji ni majani, nyasi, maganda na takataka nyingine za mimea zilizorundikwa na kuozeshwa pamoja. Rundikeni tabaka la vitu vikavu, juu yake tabaka la majani mabichi, kisha samadi kidogo na udongo kidogo, mkinyunyizia maji, mpaka rundo lifike kiunoni. Chomekeni kijiti katikati. Baada ya siku chache mkikichomoa mtakuta kina joto, na hiyo ni dalili kwamba kazi inaendelea. Ligeuzeni rundo baada ya majuma matatu hivi, lisiachwe kukauka wala kulowa mno. Baada ya miezi mitatu au zaidi litakuwa jeusi, laini, lenye harufu ya udongo wa msituni. Matandazo ni nyasi kavu au majani yanayotandazwa juu ya udongo kati ya mimea ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Yasiguse shina, yasije yakaliozesha. Mbolea ya chumvichumvi huupa mmea chakula kwa haraka, lakini haiufanyi udongo kuwa laini wala kushika maji kama ifanyavyo mboji.

Angalieni sasa kinachoingia katika rundo la mboji. Magugu yaliyopaliliwa huingia, mradi hayajatoa mbegu. Miche iliyopunguzwa huingia. Matawi membamba yaliyopogolewa huingia. Twaacha tu mimea yenye ugonjwa, na ndago na sangari, ambazo mizizi yake huchipua tena. Hizo zikaushwe kabisa juani kwanza. Vingine vyote hurudi tutani vikiwa chakula cha karoti. Hivyo hata bustanini, mahali ambapo neno gugu ni halali, si neno la mwisho.

Wasomaji wetu wanaujua mfano wa mtini katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hajaona kitu, naye ataka mti ukatwe. Anayeutetea ni mtunza shamba. Tumefikiri mara nyingi kwa nini ni yeye. Mwenye shamba huja wakati wa matunda, akatazama matawi. Mtunza shamba yupo siku zote, naye anaijua mizizi. Tena hakuomba mwaka mwingine wa kungoja tu. Alisema atakalolifanya kwa mikono yake mwenyewe: atapalilia kuuzunguka, atatia samadi. Anayemwombea mtu nafasi ya pili hana budi kushika jembe na ndoo, la sivyo ombi lake ni maneno matupu.

MFANO HUKOMEA WAPI?

Tumefika kwenye swali lenyewe. Je, ni haki kumpima binadamu kwa maneno ya bustani? Jibu letu ni kwamba maneno ya kutunza yavuke ua, na maneno ya kuhukumu yabaki ndani.

Sababu yetu ni hii. Mmea huitwa gugu kwa kulinganishwa na kusudi la mkulima, na mkulima ana haki ya kusudi hilo, kwa kuwa karoti iko pale kwa ajili ya chungu chake. Lakini mtoto hakuletwa duniani kwa ajili ya chungu cha baba yake, wala cha mwalimu, wala cha serikali. Jirani aliyehamia hakuja ili atimize kusudi letu. Hakuna binadamu aliyepewa binadamu mwenzake kama tuta, apande analolitaka na kung'oa asilolitaka. Kumwita mtu gugu ni kujifanya mwenye shamba mahali ambapo sisi sote ni mimea.

Mtu atauliza, "Je, mwizi tumwache? Mlevi anayempiga mkewe tumtazame tu?" Hapana. Tendo baya liitwe baya, lizuiwe, na mwenye kulitenda alipe. Lakini kuhukumu tendo si kumwita mtu gugu. Kiduha hakiwezi kuacha kunyonya. Ndivyo kilivyo, na ndiyo maana twaking'oa bila kukisemesha. Mtu anaweza kuacha. Ndiyo maana twamsemesha, twamkanya, twampeleka mahakamani ikibidi, wala hatumng'oi. Siku tutakapomwita gugu tutakuwa tumesema kwamba hakuna haja ya kumsemesha tena.

Na ule mfano mwingine, wa ngano na magugu katika Mathayo 13, unatuonya kwa njia ya mkulima hasa. Gugu lililotajwa pale hufanana sana na ngano likiwa changa, na mizizi yake husokotana na mizizi ya ngano. Watumwa walikuwa tayari kwenda kung'oa. Walikatazwa, kwa sababu ya ngano. Mwenye shamba hakukana kwamba magugu yapo, wala kwamba siku ya mavuno itafika. Aliwanyima watumwa kazi hiyo tu. Sisi nasi hatukupewa jembe hilo.

Basi, ndugu wasomaji, tufanye nini? Tulime bustani zetu vizuri. Tupalilie mapema, tupunguze bila huruma ya bure, tupogoe kwa kisu safi, tusitupe taka. Na matokeo ya mtihani yatakapotoka tena, mzazi ambaye mwanawe hakupata alichokitamani amwite kando, asimseme mbele ya watu. Amwambie kweli: kama nafasi hazikutosha, amwambie hazikutosha, kama hakusoma kwa bidii, amwambie tendo hilo kwa jina lake. Kisha amwulize anataka kufanya nini sasa, akae amsikilize mpaka amalize kusema.

 Mwenye kutaka kuona jinsi rundo la mboji linavyopangwa na atukute Jumamosi asubuhi nyuma ya ukumbi wa kanisa, aje na panga na mzigo wa nyasi kavu.